Kamera iko kwenye tripodi, lakini picha imecheza

Kinyago cha mpingo kiko juu ya meza, kamera imefungwa kwenye tripodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/11, shata 1/8 ya sekunde. Hakuna kinachotembea. Kwenye skrini ndogo ya kamera picha inaonekana safi. Ukiivuta kwenye kompyuta ndipo unagundua kwamba alama za patasi hazikutulia, kila mkato una pacha wake. Mwenye kinyago anataka kumtumia mnunuzi wa nje, na mnunuzi naye ataivuta vilevile.

Ukiwauliza wenzako, mmoja atasema, "Funga kioo." Mwingine atasema, "Piga kwa skrini, yaishe." Wote wana ukweli wao, ila kioo cha DSLR, yaani kamera yenye kioo nyuma ya lenzi, kinasingiziwa makosa mengi, na kupigia skrini hakukitulizi kioo kwenye kila kamera. Kabla hujagusa menyu, uangalie kwanza ukungu wenyewe umekaaje. Namna picha ilivyoharibika ndiyo inayosema pa kutafuta.

Nitakachokiita kufunga kioo ndicho menyu inachokiandika Mirror lockup au Mup. Mwonekano mubashara ni Live view, yaani kuitazama picha kwenye skrini ya nyuma kabla ya kuipiga. Mifano yangu ni ya kazi tunazozipata huku Kusini mwa Tanzania: vinyago, sampuli za korosho, milango ya nakshi ya Mikindani, magofu ya Kilwa, taa za bandari usiku.

Kioo kinafanya nini ndani

Nyuma ya lenzi kuna kioo kilicholala kwa nyuzi 45, kinachopeleka mwanga juu kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia la shata linafunguka, sensa (kipande kinachoipokea picha) inapata mwanga, pazia linafunga, kioo kinashuka. Kule kuruka kunaugonga mwili wa kamera kwa ndani, kama mlango uliobamizwa na upepo, na pazia linafunguka wakati mtikisiko haujaisha. Kufunga kioo kunayatenganisha mambo mawili: kioo kinapanda kwanza, unasubiri, ndipo pazia linafunguka. Kwenye mwonekano mubashara kioo kiko juu tangu mwanzo, kwa sababu sensa ndiyo inayoilisha skrini.

Dalili: mistari ya kulala ina ncha mbili, ya wima iko sawa

Hii ndiyo sahihi ya kioo. Kwa kuwa kinapanda juu, kamera hutikisika zaidi juu na chini, hivyo mstari uliolala unaachia kivuli na mstari wa wima unasalimika. Ukiwa umeigeuza kamera kupiga picha ya kusimama, geuza na hesabu yako.

Angalia pia kasi ya shata. Kioo huharibu zaidi kati ya 1/60 na sekunde 1, na eneo baya kabisa ni kama 1/30 hadi 1/4. Kwenye 1/500 pazia limeshamaliza kazi kabla mtikisiko haujaonekana. Kwenye sekunde 20 mtikisiko ni kipande kidogo mno cha muda wote, hauachi alama. Kwa hiyo kama picha yako ya bandari ya Mtwara usiku ni ya sekunde 20 na imecheza, mwache kioo, kosa liko kwingine. Lenzi ndefu na lenzi ya kupigia vitu vidogo hulikuza tatizo. Lenzi ya milimita 24 huwezi kuliona kirahisi.

Ukitaka uhakika, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka lenzi yako ndefu zaidi, halafu piga kwa 1/250, 1/60, 1/15, 1/4 na sekunde 2, ukibadilisha ISO na tundu la lenzi ili mwangaza ubaki ule ule. Rudia zote ukiwa umefunga kioo. Zikitofautiana pale katikati tu, kwenye 1/15 na 1/4, umempata mhusika. Zikiwa mbovu zote sawasawa, kioo hakihusiki.

Kwenye Canon nyingi kazi hii imefichwa ndani ya Custom Functions. Ukishaiwasha, mbonyezo wa kwanza unainua kioo, wa pili unapiga. Njia nzuri zaidi ni kuiunganisha na taima ya sekunde 2: unabonyeza mara moja, kioo kinapanda, kamera inasubiri, kisha inapiga yenyewe, na kidole chako kimeshaondoka. Kwenye Nikon za daraja la kati na juu, kama D7000 na ndugu zake, D750 na D810, zungusha gurudumu la namna ya kupiga hadi Mup. Kwa kuwa taima nayo inakaa kwenye gurudumu hilo hilo, huwezi kuwa na vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo utahitaji rimoti ya waya au isiyo na waya. Asiye na rimoti atafute Exposure delay mode kwenye menyu: kioo kinapanda, kamera inasubiri kidogo, kisha inapiga. Hiyo inakubali kwenda pamoja na taima.

Dalili: umefunga kioo na picha bado inacheza

Hapa ndipo muda mwingi wa watu hupotea, kwa sababu wameshaamini dawa na hawataki kuitilia shaka. Anza na kidole chako. Mtu anafunga kioo, kisha anabonyeza mara ya pili kwa nguvu ile ile aliyobonyeza mara ya kwanza. Ameondoa mtikisiko wa kioo, ameweka wa mkono. Au anabonyeza ya pili papo hapo, kioo hakijatulia. Subiri sekunde 2. Kama tripodi ni nyepesi na lenzi ni nzito, subiri zaidi.

Kisha upepo. Ukisimama ufukweni Shangani katikati ya mwaka, kusi linavuma kutoka baharini bila kupumzika, na mkanda wa kamera unapepea na kuivuta kamera. Uvue mkanda au uzungushe kwenye kichwa cha tripodi. Usiinue nguzo ya kati, maana ukishaiinua tripodi yako inakuwa na mguu mmoja juu ya mitatu. Tanua miguu, shuka chini, mwili wako uwe upande upepo unakotoka. Watu wengi huning'iniza mfuko chini ya nguzo ili kuongeza uzito. Ni sawa ndani ya nyumba, ila nje kwenye upepo mfuko unaoning'inia unabembea, na kila ukibembea unaibembeza kamera. Mfuko uguse ardhi kidogo.

Mchanga nao. Mguu wa tripodi kwenye mchanga mkavu unaendelea kuzama taratibu baada ya wewe kuondoa mkono. Picha ya sekunde 15 ya Ghuba ya Mikindani alfajiri inaharibika hivyo, na mwenye kamera anaenda nyumbani kukilaumu kioo. Sukuma miguu hadi ifike kwenye mchanga mgumu, au weka kila mguu juu ya jiwe bapa. Ukisimama majini, kila wimbi linalorudi linachimba chini ya mguu, hapo hakuna dawa zaidi ya kutoka.

Ndani ya nyumba kuna mtikisiko usiouona. Umeme ukikatika, jenereta ya jirani inawashwa, na ikiwa imekaa kwenye baraza lililoungana na sakafu yako, sakafu nzima inatetemeka. Weka bilauri ya maji juu ya meza uangalie uso wa maji. Ukiona viduara, pumzika hadi umeme urudi, au hamia chumba kingine.

Lenzi yenye kituliza mtikisiko, ile yenye alama ya IS au VR, izime ikiwa kamera iko kwenye tripodi, hasa kama ni lenzi ya zamani. Baadhi ya lenzi hizo zisipopata mtikisiko wa kuutuliza zinaanza kutafuta, na kutafuta kwenyewe kunasogeza picha. Dalili yake ni kwamba picha tano za mfululizo zinaharibika kila moja kwa upande wake, wakati ya kioo inaharibika kwa namna moja kila mara.

Halafu kuna jambo ambalo tripodi hailiwezi hata kidogo: hewa yenyewe. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu saa saba mchana, ukaelekeza lenzi ya milimita 300 kwenye bonde la Ruvuma, hewa ya moto inapanda na kuvichezesha vitu vya mbali. Ukungu wa namna hii hauna mwelekeo. Pembe moja ya picha imetulia, nyingine imeyeyuka, na picha inayofuata imebadilishana. Washa mwonekano mubashara, kuza mara 10, utaona miti inacheza kabla hata hujabonyeza. Rudi saa kumi na mbili asubuhi.

Baada ya hayo yote ndipo ulifikirie pazia la shata. Lenyewe pia lina uzito na linaanza kwa kishindo, kidogo kuliko cha kioo. Kwenye lenzi ndefu na sensa yenye pikseli nyingi kinaonekana. Dawa yake ni pazia la kwanza la kielektroniki: sensa inaanza kupokea mwanga kwa umeme, bila pazia kutembea. Canon waliliingiza kwenye upigaji wa kimya wa mwonekano mubashara tangu 40D ya mwaka 2007, kwenye menyu linaandikwa Silent shooting. Kwa Nikon lilikuja na D810 mwaka 2014, na kwenye D810 linafanya kazi ukiwa kwenye Mup tu.

Dalili: umebonyeza, kitundu kimekuwa cheusi, hakuna picha

Kamera ni nzima. Kioo kimepanda kinasubiri mbonyezo wa pili. Ukikaa kimya sekunde 30, Canon inakishusha kioo bila kupiga, na Nikon inapiga picha yenyewe. Ndiyo maana mwenye Nikon hukuta picha ya miguu yake kwenye kadi.

Kazi hii ikiwa imewashwa, Canon nyingi hupiga picha moja moja tu hata ukiweka mfululizo. Kwa anayepiga vinyago asubuhi na harusi jioni, hilo ni jambo la kulizima kabla ya kutoka nyumbani: bibi harusi anaingia, unabonyeza, giza. Tumia My Menu, weka Mirror lockup mstari wa kwanza kabisa, uione kila ukifungua.

Na usiielekeze kamera kwenye jua ukiwa umefunga kioo. Lenzi inakusanya miale moja kwa moja kwenye pazia la shata na inaweza kuliunguza. Pwani yetu inatazama mashariki, jua linatoka baharini, na kila mtu anataka picha hiyo. Piga wakati jua bado jekundu na liko chini, inua kioo muda mfupi tu, kisha funika lenzi.

Dalili: menyu haina Mirror lockup

Hakikisha umo kwenye M, Av, Tv au P, zile namna za kupiga zinazokuachia uchague vipimo. Ukiwa kwenye duara la kijani, ambako kamera inajichagulia kila kitu, menyu nyingi hufichwa. Nikon za D3000 na D5000, na zilizozifuata, kwenye menyu ya matengenezo utakuta Lock mirror up for cleaning. Hiyo ni ya kusafishia sensa, haipigi picha. Usihangaike nayo.

Anayenunua mtumba aangalie na mwonekano mubashara wenyewe upo au haupo. Canon 400D haina, 450D inao. Nikon D80 haina, D90 inao. D3000 inawakamata wengi: ilitoka 2009, inaonekana ya kisasa, na haina. D3100 iliyofuata inao.

Kamera isiyo na vyote viwili bado ina njia. Ikimbie ile 1/30 hadi 1/4. Punguza taa na uzibe tundu la lenzi hadi shata ifike sekunde 4 au zaidi, kisha tumia taima. Au chumba kiwe giza kabisa, fungua shata kwa sekunde kadhaa, na upake mwanga kwa tochi, ukianza baada ya sekunde moja. Mtikisiko wa kioo unaishia gizani. Kwa kinyago njia hii hutoa picha nzuri kuliko flashi, na mimi huitumia hata kwenye kamera yenye Mup.

Dalili: unapigia skrini, na bado unasikia kioo kikigonga

Funga macho, bonyeza, sikiliza. Kamera ambayo kioo kinabaki juu itatoa mlio mfupi wa pazia. Ukisikia mlio mrefu wenye vishindo viwili au vitatu, kioo kimeshuka na kupanda tena kabla ya picha. Nikon nyingi za daraja la chini na baadhi ya za kati hufanya hivyo kwenye mwonekano mubashara. Kwa kamera hizo skrini inakusaidia kuweka fokasi tu. Ukishaiweka, hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono, zima mwonekano mubashara, nenda Mup au Exposure delay, ndipo upige.

Kwa Canon ni rahisi zaidi: kioo kinabaki juu, na ukiwa kwenye mwonekano mubashara ile Mirror lockup haina kazi, kwa hiyo usishangae mbonyezo mmoja kutosha. Washa Silent shooting na hata pazia la kwanza litatulia. Ila ukitumia flashi isiyo ya Canon, menyu yenyewe inakutaka uizime Silent shooting, la sivyo flashi haitawaka.

Dalili: skrini ni nyeusi, au inaonyesha tofauti na picha

Kwenye studio yenye flashi, ukiwa M, 1/125, f/8, ISO 100, skrini inaweza kuwa giza tupu. Kamera inaonyesha mwangaza wa chumba kwa vipimo hivyo, haijui kwamba flashi italipuka. Zima Exposure simulation (skrini kuiga mwangaza wa picha itakavyotoka) kama kamera yako inayo, skrini itang'aa. Kinyume chake nacho kipo: skrini inang'aa vizuri na picha inatoka nyeusi. Simulation imezimwa, iwashe ukiwa huna flashi.

Baadhi ya Nikon hazibadilishi tundu la lenzi ukiwa ndani ya mwonekano mubashara. Unazungusha gurudumu, namba inabadilika, skrini haibadiliki. Toka, badilisha, ingia tena.

Usiamini mwangaza wa skrini ukiwa juani. Saa sita mchana kwenye mashamba ya chumvi hakuna skrini inayoonekana, na kila mtu huishia kuongeza mwangaza kupita kiasi. Soma histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha.

Jambo dogo kwa wanaotumia kitundu: ukiwa umeiacha kamera kwenye tripodi na jua liko nyuma yako, mwanga unaingia kwa kitundu cha kuchungulia na kukidanganya kipimo, picha inatoka nyeusi kuliko ulivyotarajia. Kile kipande cha mpira kwenye mkanda wa Canon kimewekwa kwa ajili ya kuziba hapo. Wengi hawajui kazi yake.

Dalili: mistari inatembea kwenye skrini

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za tyubu na LED za bei ndogo zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani au Japani inaweza kuwa imewekewa hezi 60. Nenda kwenye Flicker reduction, au Video system, weka 50 au PAL. Picha zenyewe piga kwa 1/50 au 1/100. Mistari ikiendelea wakati unatumia jenereta ndogo, ujue jenereta iliyozidiwa mzigo haishiki hezi 50 sawasawa, na hakuna namba kwenye menyu itakayoifuata. Sogeza meza dirishani.

Dalili: fokasi inakwenda na kurudi, haikamati

Mpingo ndio unaoifedhehesha fokasi ya skrini. Kwenye DSLR nyingi mwonekano mubashara unatafuta fokasi kwa kulinganisha sehemu nyeusi na nyeupe, na kinyago kilichopigwa msasa na kung'arishwa ni cheusi mwanzo hadi mwisho. Lenzi inakwenda, inarudi, inakata tamaa, kisanduku kinakuwa chekundu. Canon za kuanzia 70D ya mwaka 2013, zenye Dual Pixel, zina haraka zaidi, lakini nazo weusi mtupu unazichosha.

Tafuta mpaka. Mpingo una moyo mweusi na tabaka la nje lenye rangi ya krimu, na wachongaji wengi hulibakiza kwa makusudi, kwenye kitako au kwenye ukingo wa vazi. Pale weusi unapokutana na krimu hakuna kamera inayokosa. Kinyago kikiwa cheusi chote, angaza tochi kutoka ubavuni, mwanga ukwaruze uso wa kinyago. Mikato ya patasi itaota ncha nyeupe. Kuza mara 10, weka fokasi ya mkono, zungusha pete taratibu hadi ncha ziwe nyembamba kabisa, pitiliza kidogo, kisha rudi. Ukimaliza usiiguse pete tena, na lenzi ibaki kwenye MF (fokasi ya mkono), vinginevyo kitufe cha kupigia kitaianza safari upya.

Ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana, una kina kirefu kuliko unavyoudhani. Fokasi kwenye uso wa mbele, f/11, bado mtu wa nyuma anaweza kuwa na ukungu. Huo ni ukungu wa kina. Hauondoki kwa kufunga kioo. Rudi nyuma hatua moja, au piga picha kadhaa kwa fokasi tofauti uziunganishe kwenye kompyuta.

Dalili: ukipigia skrini ni kali, ukipigia kitundu haijakaa

Tumia skrini kama refa. Kwenye tripodi, piga ukurasa wa gazeti uliowekwa kwa mshazari: mara moja kwa fokasi ya kitundu, mara moja kwa fokasi ya skrini iliyokuzwa, kioo kimefungwa mara zote mbili. Ya kitundu ikiangukia mbele au nyuma ya mstari uliouchagua kila unaporudia, sensa ya fokasi iliyo chini ya kioo haikubaliani na sensa ya picha. Kamera za daraja la kati na juu, ingawa si zote, zina AF Microadjustment au AF fine-tune, unarekebisha lenzi moja moja. Kama yako haina, kazi za tripodi zote zifanyie kwenye skrini.

Ukiona kwenye kitundu tu ndiko kuna ukungu na picha zenyewe ni safi, zungusha kigurudumu kidogo kilicho pembeni mwa kitundu. Mtu alikuazima kamera akaweka macho yake.

Dalili: nukta nyeupe na nyekundu, au kamera inajizima

Sensa inayofanya kazi mfululizo inapata moto, na Januari ya Lindi inaongezea. Canon huonyesha alama nyeupe ya kipimajoto, maana yake ubora wa picha unashuka, kisha nyekundu, maana yake mwonekano mubashara utajizima hivi karibuni. Zima skrini kati ya picha na picha, ifunike kamera kwa kanga nyeupe, usiiache juani ikisubiri. Picha za sekunde 30 baada ya skrini kuwaka muda mrefu ndizo zinazotoka na nukta nyingi. Pumzisha kamera dakika chache kabla ya kuzianza. Betri nayo inaisha mapema sana kuliko kwa kitundu, ukienda Kilwa Kisiwani beba ya pili, boti halirudi Masoko kwa ajili ya chaja.

Dalili: kioo kimekwama juu

Zima kamera, weka betri iliyojaa, washa. Betri dhaifu ndiyo sababu ya kawaida kabisa: ilikuwa na nguvu ya kukiinua kioo, ikakosa ya kumalizia mzunguko. Kwenye Nikon, kama Err inapepesa, bonyeza kitufe cha kupigia mara moja tena. Kwenye Canon, Err 01 inakuelekeza kwenye mawasiliano ya lenzi, hivyo toa lenzi, futa zile shaba ndogo kwa kitambaa kikavu kisafi, rudisha. Hewa ya chumvi huzifanya ziwe na utando usiouona.

Ikigoma, toa lenzi, geuza mdomo wa kamera chini, pulizia kwa bomba la mpira. Usitumie mdomo, mate yana unyevu. Usikivute kioo kwa kidole, na usikifute hata kwa kitambaa laini, kwa sababu utando wake wa kuakisi uko juu kabisa ya uso na unakwanguka. Vumbi lililo juu ya kioo halionekani kwenye picha, linaonekana kwenye kitundu tu, kwa hiyo liache.

Ukisikia mchanga unakwaruza ndani, usiiwashe tena. Mpelekee fundi ikiwa na mfuniko badala ya lenzi, umwambie kioo kilikwama kikiwa juu au katikati, na kama pazia lilikuwa limefunga au limeacha sensa wazi. Hilo la pazia ndilo atakalokuuliza kwanza.